RIDANDANSI NI YA MITAMBO, SI YA WATU

Ndugu wafanyakazi wa reli, na ninyi wa bandari, wa posta, wa mahospitali na wa maofisi ya Serikali ambao karatasi hii huwafikia mkononi,

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo mfanyakazi wa Kenya hulijua hata kama hajui Kiingereza chenyewe. Neno hilo ni ridandansi. Likisikika asubuhi karakanani watu huacha chai ikapoa. Kwetu sisi maana yake ni barua: ya kwamba wewe umezidi, kazi yako haipo tena, chukua haki zako uende nyumbani. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa chama na kwa ofisa wa kazi, na amlipe mtu mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumika. Hayo twayajua kama Sala ya Bwana.

Kumbe mafundi wa kompyuta nao wanalo neno lile lile, lakini kwao ni neno jema. Ridandansi kwao ni kitu cha akiba kilichowekwa makusudi ili kile cha kwanza kikifa kazi isisimame. Ni waya wa pili, mtambo wa pili, umeme wa pili, nakala ya pili ya daftari iliyowekwa katika mji mwingine. Fundi akisema mtambo fulani una ridandansi, anausifu.

Nimekaa nikafikiri juu ya jambo hili, na nasema wazi: katika maofisi ya Serikali yetu ridandansi imepelekwa mahali pasipo pake. Karani wa daftari amepewa. Mtambo uliochukua kazi ya karani haukupewa ya kutosha. Na siku mtambo unapokufa, anayetukanwa dirishani ni mfanyakazi, na anayelala nje ya mlango ni mfanyakazi mwingine.

Mimi si mtu wa kompyuta. Nilisoma darasa nane katika shule ya misheni, na kazi yangu ni kufunga na kufungua mabehewa yadini. Lakini mambo ya akiba nayajua, kwa sababu reli yote imejengwa juu yake. Tazameni breki. Gari la moshi linafungwa kwa hewa inayopita katika bomba kutoka kichwa mpaka behewa la mwisho. Bomba likikatika njiani, breki haziachii. Zinajifunga zenyewe, gari likasimama. Aliyebuni jambo hilo alijua ya kwamba bomba litakatika siku moja, akapanga likatike kwa upande wa usalama. Walakini hata hapo hakutosheka. Behewa likiachwa yadini siku nyingi hewa huvuja kidogo kidogo na breki hulegea, kwa hiyo kila behewa lina breki ya mkono. Na mzee aliyenifundisha kazi hakutosheka na breki ya mkono vilevile. Alinifanya niweke kabari chini ya gurudumu, na siku moja niliposahau alinirudisha kutoka getini, mvua inanyesha, nikaiweke.

Na njia ikiwa moja, simu ya stesheni na stesheni ikafa, je, magari hulala? Hayalali. Kuna utaratibu uliopangwa tangu zamani: stesheni masta huandika karatasi ya ruhusa kwa mkono wake, hutia saa na sahihi, dereva huichukua na kwenda pole pole. Ni kazi ya taabu na ya kuchelewa, lakini abiria hufika. Utaratibu huo uko ndani ya kitabu cha sheria za reli, mtu hufanyiwa mtihani juu yake, na asiyeujua hapewi stesheni.

Sasa twende kwa Serikali. Mtandao wa eCitizen ulianza 2014, na sisi sote tulifurahi, maana ni nani kati yetu ambaye hakupata kupoteza siku tatu za likizo akifuata karatasi moja Nairobi? Sitaki mtu aseme ya kwamba chama kinapinga kompyuta. Lakini ilipofika 2023 huduma zaidi ya 5,000 zilikuwa zimetiwa ndani ya mlango huo mmoja: pasipoti, leseni za kuendesha gari, usajili wa biashara na mengine mengi. Ikaamriwa tena ya kwamba malipo yote ya huduma za Serikali yapitie namba moja, 222222. Madirisha ya fedha yakafungwa. Njia zote zikaelekezwa katika daraja moja.

Julai 2023 daraja likazibwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilisema ndilo lililofanya, na tarehe 27 Waziri wa Habari na Teknolojia wa wakati huo, Bwana Eliud Owalo, akakiri hadharani ya kwamba eCitizen imeshambuliwa. Wanachama wengine wanadhani wezi waliingia ndani wakabeba mafaili. Sivyo. Fikiri dirisha la tiketi siku ya Ijumaa. Mtu mwenye chuki anakodi watu elfu kumi wapange foleni, kila mmoja akifika dirishani anauliza nauli ya mahali asikokwenda, kisha anarudi nyuma ya foleni. Hakuna kilichoibwa, lakini msafiri wa kweli hafiki dirishani. Ndivyo walivyofanya, ila foleni yao ilikuwa ya mashine. Watu wakakosa kununua tiketi za gari la moshi, wengine wakakosa kulipia umeme, na huduma za fedha za simu zikasumbuka.

Waziri alisema hakuna habari zilizopotea. Yawezekana ni kweli. Lakini gari lililosimama porini usiku kucha nalo halijapoteza mzigo hata gunia moja. Muulize abiria aliyekuwa anakwenda kuzika kama hilo limemsaidia.

Angalieni jambo moja la siku zile ambalo magazeti yaliandika kwa mstari mmoja tu. Wageni waliposhindwa kupata viza kwa kompyuta, Serikali ilisema wapewe viza wakifika uwanja wa ndege. Maana yake nini? Maana yake ofisa wa uhamiaji akae mezani, atazame pasipoti, apige muhuri. Kwa mgeni, breki ya mkono ilipatikana siku ile ile. Kwa mwananchi aliyekuwa na leseni iliyokaribia kwisha haikupatikana, kwa kuwa hakuna aliyemwekea.

Nitawaeleza lililotupata sisi wenyewe. Hospitali siitaji, kwa maana waliokuwa pale usiku ule hawakuwa na kosa. Mwenzetu alibanwa mkono kati ya mabehewa mawili. Tukamfikisha saa kumi jioni, mkono umefungwa kwa shati. Fedha za bima zinakatwa katika mshahara wake kila mwezi, hata hazipiti mfukoni mwake. Dada aliyekuwa mezani akaandika namba yake, akangoja, akaandika tena, kisha akasema, "Kaka zangu, mtandao uko chini. Siwezi kuona kama amelipa." Tukamwonyesha karatasi ya mshahara, makato yameandikwa. Akasema anaamini, lakini haruhusiwi kuamini. Kompyuta ndiyo inayoruhusiwa. Tulipe fedha taslimu au tungoje.

Kijana mmoja wetu akaanza kumtukana. Nikamzuia, maana nilimwona yule dada machozi yanamlenga. Nikamwuliza, zamani mlifanyaje? Akasema palikuwa na kitabu kikubwa chenye karatasi za nakala. Mgonjwa aliandikwa, akatibiwa, na hesabu ikatumwa baadaye. Kilitolewa, ati ni mambo ya kikale, na makarani wawili waliokuwa wakikiandika wakaondoka nacho. Saa tatu usiku tulikuwa tumechanga shilingi 12,000 kwa simu zetu, na mtandao ulikuwa bado. Vidole viwili vya mwenzetu havikupona. Daktari hakusema ni kwa sababu ya kungoja, nami siwezi kusema. Lakini alingoja saa tano kwenye benchi, na zile saa tano hakuna aliyeziandika mahali popote.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza watu wanaojua, na wakanieleza habari za Korea ya Kusini, nchi ambayo husifiwa kwa kompyuta kuliko karibu nchi zote. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulianza katika jumba la mitambo ya Serikali mjini Daejeon. Ulianzia katika betri, zile zile zinazowekwa ili umeme ukikatika mitambo isizimike. Mitambo 709 ya Serikali ikasimama. Posta ikakwama, vitambulisho vya simu vikakwama. Mitambo 96 iliungua kabisa, na mmoja wao ulikuwa ghala ambamo maofisa wa Serikali wapatao 125,000 waliweka mafaili ya kazi yao. Ghala hilo lilikuwa na terabaiti 858, nalo halikuwa na nakala nje ya jumba lile. Sababu iliyotolewa ni kwamba lilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Ndugu, fikirini neno hilo. Kitu kinapokuwa kikubwa sana ndipo kinapokuwa hakina akiba!

Na uchungu wake ni huu. Miaka mitatu kabla ya hapo, Oktoba 2022, moto wa betri ulizima mitambo ya shirika la Kakao, ambalo Wakorea wengi hutumia kuandikiana ujumbe, na Serikali ikalikemea shirika hilo kwa kukosa akiba ya kutosha. Ilimwambia jirani apige lipu nyumba yake na yake yenyewe inavuja. Baada ya moto wa Daejeon polisi walianza kuwachunguza watu, na miongoni mwao walikuwamo wale waliokuwa wakishughulikia betri siku ile. Tarehe 3 Oktoba ofisa mmoja aliyekuwa akisimamia kazi ya kurudisha mitambo alifariki. Sisemi zaidi juu ya marehemu. Nasema tu ya kwamba mkasi uliokata gharama ya akiba haukushikwa na fundi wa betri.

Mtu atasema, sisi tunazo njia nyingi, kuna nyaya kadhaa baharini. Haya, tuhesabu nyaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa dhaifu Kenya, Tanzania na nchi nyingine za jirani. Kwa jina ni nyaya mbili, za makampuni mawili, zenye bili mbili. Lakini zilipita karibu karibu, na zikaumia siku moja. Na huku kaskazini, katika Bahari ya Shamu, nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika tangu Februari mwaka ule ule na wakati huo zilikuwa bado hazijatengenezwa zote. Mtu wa reli haitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Ukilaza njia mbili juu ya tuta moja, mafuriko yakila tuta huna hata njia moja. Kwa hiyo mkubwa akija kutuambia ana njia mbili, tumwulize: zinapita wapi? Zinakula umeme wa nani? Nakala ya daftari iko mji mwingine, au iko chumba cha pili cha jumba lile lile?

Tena tumwulize lini ilijaribiwa mara ya mwisho. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta una jenereta, lakini jenereta iliyohudumia sehemu mojawapo ilikataa kuwaka, na abiria wakakaa gizani. Jenereta ilikuwapo katika hesabu, ilinunuliwa na kulipiwa, nayo haikuwaka. Sisi tuliosoma misheni tunakumbuka wale wanawali kumi na taa zao. Watano walikuwa na mafuta ya akiba na watano hawakuwa nayo. Lakini nadhani kuna aina ya tatu ambao Maandiko hayakuwataja: wale wenye chupa ya akiba ambao hawakupata kufungua kizibo waone kama ndani ni mafuta au maji.

Sasa nijibu wanaotupinga, maana wapo, na wengine wamo katika chama chetu.

Wa kwanza wasema gharama. Mtambo wa pili ni fedha ambazo hazifanyi kazi, umekaa tu unangoja. Sawa. Kabari nayo imekaa tu chini ya gurudumu. Wala haiwi bure ya kwamba imekaa: imekaa ili behewa likae. Na gharama hiyo haikuondoka kwa kutolipwa, imehamishwa tu. Ilihamishwa kutoka kitabu cha Hazina ikaja katika mifuko yetu, shilingi 12,000 usiku mmoja. Ni kodi ambayo Bunge halikuipitisha.

Wa pili wana neno zito zaidi, nami nalipa heshima yake. Wasema ya kwamba karatasi na fedha taslimu vilikuwa mlango wa wizi. Makarani walikula, risiti zilikuwa za uongo, faili halikupatikana mpaka mtu atoe chai. Ni kweli, na tusijifanye malaika. Wengine waliokula walikuwa wanachama wetu. Lakini kitabu kilichopigwa namba, chenye nakala tatu, kinachofunguliwa tu mtandao unapokufa na kufungwa unaporudi, kila ukurasa ukiingizwa katika kompyuta siku ya pili mbele ya mkaguzi, si mlango wa wizi. Reli imebeba fedha na mizigo kwa vitabu vya namna hiyo zaidi ya miaka mia. Na kama kompyuta ingekuwa dawa ya wizi, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu asingeandika maswali juu ya fedha zinazopita eCitizen, lakini ameyaandika.

Wa tatu wasema ya kwamba haya ni mambo ya wataalamu, mfunga mabehewa anaingiaje? Naingia kwa mlango wa hospitali ile.

Basi twataka nini? Twataka kila daftari la Serikali lenye kugusa maisha ya mtu, yaani bima ya hospitali, kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na kufa, pensheni, liwe na nakala hai katika mji mwingine, kwa waya mwingine na umeme mwingine. Estonia ni nchi ndogo, watu wake hawafiki hata milioni moja na nusu. Ilishambuliwa 2007, na mwaka 2017 ikatia sahihi mapatano na Luxembourg kuweka nakala za madaftari yake huko, nje ya mipaka yake kabisa. Sisemi tuige kila kitu, na wapo watakaoogopa kuweka daftari letu kwa wageni. Mimi mwenyewe ningeanza na Eldoret au Kisumu. Twataka mtambo wa akiba ujaribiwe kwa siku inayojulikana, kazi zote zihamishiwe huko saa kadhaa, na matokeo yatangazwe hata yakiwa ya aibu.

Twataka vilevile mtandao ukikatika, ukatike kwa upande wa mwananchi, kama breki zetu. Saa za kukatika zisihesabiwe katika faini ya kuchelewa. Mgonjwa mwenye karatasi ya mshahara inayoonyesha makato atibiwe kwanza, hesabu ifuate. Na yule dada wa mezani apewe idhini kwa maandishi ya kumwamini mtu, ili asilie tena mbele ya watu kwa kosa lisilo lake.

Na juu ya watu wenyewe. Mafundi wengi wanaotunza mitambo hii ni wa mkataba mfupi. Mahali pengine fundi ni mmoja tu anayejua njia za nyaya, na akienda kumzika baba yake ofisi nzima inaomba Mungu. Huyo pia anahitaji wa pili. Makarani wanaojua vitabu wasitolewe mpaka mtambo uwe na akiba iliyojaribiwa, na wakitolewa, kifungu cha 40 kifuatwe herufi kwa herufi. Najua Katibu wetu wa tawi anaona hili la mafundi si letu, kwa kuwa hawalipi ada kwetu. Twabishana naye bado.

Hoja itasomwa katika mkutano ujao wa tawi. Lakini maneno matupu hayatatufikisha, maana wakubwa watasema mtandao hukatika mara chache sana, nasi hatutakuwa na la kuwaonyesha. Kwa hiyo naomba kila mwanachama anunue daftari la shule la kurasa 48. Kila ukiambiwa mtandao uko chini, andika tarehe, saa uliyofika, saa uliyohudumiwa au uliyokata tamaa, ulitaka nini, na ulitoa shilingi ngapi. Usiandike jina la karani. Wasiojua kuandika vizuri waandikiwe na watoto wao. Mjumbe wa yadi atayakusanya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, pale chumba cha taa, baada ya zamu ya asubuhi.

Ndugu yenu,
Mfunga Mabehewa